Mimea ya Tangi la Samaki na Mito ya Nairobi

Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington wa London alieleza jinsi samaki wa dhahabu, konokono na mmea wa valisneria walivyoishi pamoja katika chombo kimoja: mmea ulitoa oksijeni, konokono wakala majani yaliyooza. Tangu hapo wafugaji wa samaki wa mapambo wamependa mimea isiyosumbua, inayokua upesi hata mahali pasipo udongo. Afrika ilikuja kuzilipia sifa hizo kwa gharama kubwa.

Salvinia ya Brazili, iliyosambazwa duniani kama pambo la matangi na vidimbwi, haizai mbegu. Kipande kilichokatika hutosha kuanzisha mmea mpya. Ilionekana katika bwawa la Kariba mwaka 1959, lilipokuwa likijaa, na baada ya miaka michache ilifunika takriban kilomita za mraba 1,000. Katika miaka ya 1960 ilikuwa imefika Ziwa Naivasha, Kenya. Gugu maji la Amazon, lililopendwa kwa maua yake ya zambarau, lilikuwa Ziwa Viktoria kufikia mwaka 1990. Uganda iliachilia humo fukusi wa kulila mwaka 1995, na Kenya ikafuata muda mfupi baadaye.

Jijini Nairobi, gugu hilo lilitwaa Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambako watu waliwahi kucheza mashua za matanga. Majitaka ya mitaa iliyo juu yake ndiyo yaliyokuwa mbolea. Mbolea ya namna hiyo haipungui Eastlands, upande wa mashariki wa jiji: Mto Mathare hupokea uchafu wa mabonde yenye nyumba zilizosongamana, ukaingia Mto Nairobi, kisha Athi, unaofika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Majani ya tangi yakitupwa mtaroni Mathare yana njia ndefu mbele yao. Ni heri kuyakausha juani kwanza.

Mimea mingine ya tangi haielei wala kusambaa juu ya maji namna hiyo. Valisneria, ambayo jamii yake huota hata Ziwa Tanganyika, hupandwa kwenye changarawe, shingo ya mmea ikiachwa wazi. Anubias ya Afrika Magharibi na ya Kati hukua polepole mno na huridhika na mwanga hafifu. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, kwa kuwa shina lake mlalo likifukiwa huoza.