MCHANGA NI MWINGI, ELIMU NDIYO ADIMU



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya darsa la Alasiri kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, hizi chipu ni kitu gani hata Marekani na China zigombane?" Nikamwambia atoe simu yake mfukoni. Ugomvi wenyewe umo humo ndani.

Chipu ni kipande cha silikoni, na silikoni asili yake ni mchanga. Juu yake huchorwa mabilioni ya swichi ndogo mno ziitwazo transista. Transista ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1947. Leo bila chipu hakuna simu, hakuna benki, wala hakuna kombora linalolenga shabaha.

Sasa izingatie habari ya Taiwan, kisiwa kidogo ambacho China inadai ni chake. Mwaka 1976 serikali yake ilifunga mkataba na kampuni ya RCA ya Marekani, ikapeleka wahandisi vijana kwenda kujifunza. Mwaka 1985 ikamwita Morris Chang, mzaliwa wa China aliyefanya kazi Marekani miaka mingi. Mwaka 1987 akaanzisha kampuni ya TSMC akiwa na miaka 55, umri ambao sisi wenzake tunawaza kiinua mgongo. Shauri lake: tusiuze chipu zenye jina letu, bali tuwatengenezee wengine. Leo chipu nyingi za hali ya juu duniani hutoka hapo, na wakubwa wote wanamhitaji mdogo huyo.

Oktoba 2022 Marekani ikazuia China isiuziwe chipu za juu wala mitambo ya kuzitengenezea. Mashine inayochora chipu hizo huundwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi, na China hairuhusiwi kuinunua. Julai 2023 China ikajibu kwa kubana uuzaji wa madini ya galiamu na jemaniamu. Mwezi uliofuata Huawei, iliyowekewa vikwazo tangu 2019, ikatoa simu yenye chipu iliyotengenezwa China kwenyewe. Aliyenyimwa alirudi darasani.

Je, sisi? Mchanga tunao wa kujaza majahazi. Imam Ghazali aliihesabu tiba na hisabati kuwa fardhi kifaya: asipopatikana wa kuzisimamia, mji mzima una dhambi. Nami nakiri mbele yenu: zamani niliwahi kumkaripia mwanafunzi wa madrasa kwa kufungua-fungua redio mbovu, nikamwambia hiyo ni elimu ya dunia. Akaacha. Allah anisamehe.

Mzazi, wako akifungua redio, usimkaripie. Mwulize anatafuta nini, kisha mtafutie mwalimu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.