Shada la Majilio ni la Nimrodi? Wapi!

Desemba ikikaribia tu, ile picha inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Shada la Majilio na mishumaa yake, alama ya X nyekundu juu yake, na maandishi makubwa: WAKRISTO AMKENI, HUU NI UPAGANI WA BABELI. Eti mviringo ni jua, majani ni Nimrodi, mishumaa ni miungu. Mtu wa Chara anamtumia wa Garsen, wa Garsen anaituma Mombasa, na hakuna hata mmoja anayeuliza nani kaandika.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msiniite profesa. Lakini kusoma sijaacha, na hii ya shada ni rahisi kuifuatilia, kwa sababu mwenye nalo anajulikana.

Ni Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri, alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini iliyoitwa Rauhes Haus. Inasemekana watoto walikuwa wakimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Bado siku ngapi? Basi akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa 24: midogo 20 ya siku za kawaida, mikubwa minne ya Jumapili. Kila siku unawashwa mmoja zaidi. Yaani kalenda, wasee! Ndiyo siri yote ya Babeli hiyo: gurudumu kuukuu na watoto wenye haraka. Majani mabichi yaliongezwa baadaye, mishumaa ikapungua hadi minne, na Wakatoliki wa Ujerumani walianza kuliweka makanisani miaka ya 1920.

Sasa leta hesabu hiyo huku kwetu. Wamishenari Wajerumani wa Neukirchen, akina Ferdinand Würtz, walifungua kituo chao Ngao, delta hii hii yetu, mwaka 1887. Wakati huo shada lilikuwa na miaka 48 tu. Hata babu zetu wa enzi hizo wengine walikuwa wakubwa kuliko hilo shada.

Nimrodi basi katoka wapi? Hadithi hiyo ilienezwa sana na Alexander Hislop, mhubiri wa Scotland, katika kitabu chake The Two Babylons. Kilianza kama kijitabu mwaka 1853, kikapanuliwa 1858. Shabaha yake ilikuwa Kanisa Katoliki, alitaka kuonyesha kwamba kila desturi yao imetoka Babeli. Akiona vitu viwili vinafanana kidogo, kwake ni ndugu wa damu. Leo watu wanatumia hoja zake kupiga shada lililobuniwa na Mlutheri!

Tarehe 25 Desemba ni kesi nyingine, na hapo sitawadanganya. Kuna orodha ya Roma ya mwaka 354 inayoonyesha Wakristo wa huko walikuwa wakiadhimisha kuzaliwa kwa Yesu tarehe hiyo kufikia mwaka 336. Orodha hiyo hiyo inaitaja 25 Desemba kuwa sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, mungu ambaye Kaisari Aurelian alimjengea hekalu mwaka 274. Kwa hivyo wapo wanahistoria wanaosema kanisa lilichukua siku ya Jua. Wengine wanasema hapana, Wakristo waliamini Yesu alitungwa mimba 25 Machi, ongeza miezi tisa, unafika 25 Desemba. Mimi naona hesabu ya miezi ina nguvu zaidi, ila Jua nalo siwezi kulifuta. Lakini angalia: pande zote mbili zinabishana juu ya Roma, si Babeli.

Na Yeremia 10, mstari unaobandikwa kila mwaka chini ya mti wa Krismasi? Soma sura yote. Ni mti unaochongwa na fundi, unapambwa kwa fedha na dhahabu, halafu unaogopwa. Hiyo ni sanamu. Mti wa Krismasi unaanza kuonekana kwenye kumbukumbu za upande wa Strasbourg miaka ya 1500.

Kinachoniuma mimi si tarehe. Shangazi yangu hutengeneza shada la kanisani kwa ukindu, maana misonobari huku itoke wapi. Mwaka jana vijana wa rika langu walimfuata wakamwambia, "Shangazi, hiki kitu ni cha Nimrodi, unatuletea mashetani." Akawauliza, "Nimrodi ni mtoto wa nani hapa?" Watu walicheka, lakini Jumapili iliyofuata hakulileta. Mama wa miaka sitini na kitu, ameogopeshwa na picha ya simu.

Tena nyie, mnajua Wimbo wa Taifa umetoka wapi? Ule mdundo ni wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, ulitengenezwa upya mwaka 1963. Kila siku ya kitaifa majenerali wanausimamia wima, mikono kwenye kofia, na hakuna anayesema wanabembelezwa walale. Kitu kikibadilishwa kazi, kinafanya kazi mpya.

Halafu hili neno "kipagani" lenyewe, sisi tunalijua vizuri. Ndilo walilobandikwa mababu zetu na dini yao yote. Ngadzi, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni wa Uingereza, ikaingia British Museum mwaka 1908, na wazee wameomba irudishwe. Kwa hivyo nikimsikia kijana wa Kipokomo akimrushia shangazi yake neno hilo hilo, kwa sababu ya kitabu cha Mskoti ambacho hata hajakishika, nashikwa na hasira, na sitajifanya sina.