Presha sugu

Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Kiganja cha mshika jembe kinayo. Kutoka hapo neno likawa sifa: mhalifu sugu, ugonjwa sugu. Kwenye presha lina mpaka wake, na tuuheshimu. Presha ya miaka mingi si lazima iwe sugu. Madaktari huiita hivyo inapobaki juu ingawa mgonjwa anatumia dawa tatu za makundi tofauti kwa dozi kamili, mojawapo ikiwa ya kukojosha. Kwanza wahakikishe kipimo ni sahihi na dawa zinamezwa kila siku. Presha ya mtu aliyekosa fedha za dawa haijawa sugu, imekosa tiba.

Wala sugu si isiyotibika. Mwaka 2015 utafiti wa PATHWAY-2 wa Uingereza ulionyesha kuwa spironolaktoni, dawa ya zamani inayozuia homoni ya aldosteroni, ikiongezwa kama ya nne huishusha presha hiyo zaidi kuliko dawa za bisoprololi au doksazosini. Anayetumia spironolaktoni hupimwa potasiamu na figo. Basi ukiambiwa presha yako ni sugu, usikate tamaa: muulize daktari kuhusu dawa ya nne.