Mgeni, Mwenyeji na Sheria: Mazingatio kutoka Masasi

Twasikia kwamba miji ya ng'ambo yatunga sheria juu ya wenyeji wanaopangisha nyumba zao kwa watalii. Mwaka 2019 Amsterdam iliweka mpaka wa siku 30 kwa mwaka. Mwaka 2023 New York ilianza kumlazimisha kila mwenyeji ajiandikishe. Aghalabu jambo hili hudhaniwa kuwa jipya. Lakini mwanafunzi wa historia akisimama Lisekese, katika nchi ya vilima vya mawe vya Masasi, atauliza: je, palikuwa na zama ambazo mgeni aliingia nyumbani mwa mtu bila ya sheria?

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwasili Masasi pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kufika Nyasa. Wapita njia wakageuka wakazi. Mwaka 1882 Wamagwangwara walipoushambulia mji wao, baadhi ya watu wa misheni walihamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Hapo twaiona maana ya kale ya kukaribisha: mwenyeji alikuwa mdhamini, na mgeni alikaa chini ya jina lake.

Tena, juu ya uwanda wa Makonde ukarimu ulikuwa na kipimo. Maji yalikuwa haba. Watu waliteremka magenge kuyateka mabondeni, wakayapandisha kwa vichwa. Mtungi alioogea mgeni ulikuwa safari ya mtu. Kwa hiyo methali isemayo, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, si dhihaka ya bahili. Ni sheria fupi: yataja muda, na yataja wajibu. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake juu ya Ujamaa, kuonyesha kwamba hapana haki ya kuishi kwa jasho la wengine.

Katika miaka ya 1960 utaratibu wa TANU wa nyumba kumi ulimpa balozi kazi ya kuwajua watu wa nyumba zake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, cheo hicho kilibaki cha chama. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 yataka malazi ya watalii yawe na leseni. Leseni yajua chumba na ada, jirani haimjui.

Watalii wa Masasi ni wachache. Wageni wake zaidi ni wa korosho na wa kazi za serikali. Lakini Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba nyingi za ukoo zimekuwa nyumba za wageni, watuonya mapema. Mjane anayepangisha chumba apate karo ya wanawe hastahili kusumbuliwa. Mwenye nyumba akaaye mbali, asiyemjua mgeni wake wala jirani zake, huyo amechukua faida na kuwaachia wengine udhamini.

Basi halmashauri zetu zitakapotunga sheria ndogo, zisianze kwa kuhesabu ada. Zianze na maswali ya wazee: mgeni akaa siku ngapi, nani amjibia, na maji anayooga yatoka mtungi wa nani?