Aliyejiajiri naye atazeeka

Wadau, leo tuongelee kodi. Msikimbie!

Binamu yangu yuko Houston, Texas. Ana lori lake mwenyewe, hana bosi. Kila mwaka ikikaribia Aprili 15, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi kule Marekani, simu zake huwa nyingi. Safari hii kaniuliza: "Kaka, wewe si mwandishi? Hebu nitafutie. Nimesoma naweza kuweka akiba ya uzeeni hadi asilimia 25 ya kipato, na kodi yake nikailipa baadaye nikianza kuichukua. Mtu wangu wa mahesabu anasema ni asilimia 20. Nani muongo?"

Hakuna muongo. Lakini kumjibu ilibidi nirudi nyuma miaka zaidi ya 70.

Zamani sheria ya Marekani iliruhusu kampuni kuwawekea wafanyakazi wake akiba ya uzeeni, na fedha hizo hazikutozwa kodi mpaka siku ya kuzichukua. Tatizo lilikuwa neno "mfanyakazi". Wakili mwenye ofisi yake, mkulima, fundi, daktari mwenye kliniki, wote hao hawakuajiriwa na mtu. Kwa hiyo hawakuhusika. Madaktari wa Missoula, Montana, wakabuni njia: wakajiunga kwa mfumo unaofanana na kampuni ili wahesabike waajiriwa. Serikali ikapinga. Mwaka 1954 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Kintner, ikawapa ushindi.

Wakati huo Eugene Keogh, mbunge wa Brooklyn, New York, alikuwa ameshaanza kupigania jambo hilo bungeni tangu 1951. Wizara ya Fedha ilikuwa na hofu ya kupoteza mapato. Muswada ukazungushwa miaka 11! Rais Kennedy aliutia saini Oktoba 10, 1962.

Na ulitoka umekondeana. Aliyejiajiri aliruhusiwa kuweka asilimia 10 ya kipato chake, isizidi dola 2,500 kwa mwaka, na nusu tu ya fedha hizo ndiyo iliyopunguziwa kodi. Mwenye wafanyakazi waliomtumikia miaka mitatu alilazimika kuwawekea na wao. Hilo mimi nalipenda. Kwa nini bosi azeeke vizuri peke yake?

Baada ya hapo kikomo kilipanda ngazi kwa ngazi. Kuanzia 1968 fedha yote ikapunguziwa kodi. Sheria ya 1974 ikafikisha asilimia 15, isizidi dola 7,500. Sheria ya 1982 ndiyo iliyomaliza ubaguzi: kuanzia 1984 aliyejiajiri na mwajiriwa wakawekwa kwenye kikomo kimoja, dola 30,000. Mwaka 2025 kilikuwa dola 70,000.

Sasa, ile asilimia 25? Kwa mwajiriwa inapigwa kwenye mshahara. Aliyejiajiri hana mshahara, kwa hiyo sheria inataka kwanza aitoe akiba yenyewe kwenye kipato, ndipo asilimia ipigwe kwenye kinachobaki. Tuseme, baada ya gharama za lori na nusu ya ile kodi ya waliojiajiri, binamu kabakiwa na dola 40,000. Akiweka 8,000 zinabaki 32,000. Robo ya 32,000 ni ngapi? 8,000. Na 8,000 ni asilimia 20 ya 40,000. Mtu wa mahesabu yuko sahihi.

Nilipomweleza akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kwa hiyo naruhusiwa elfu nane. Mwaka jana niliweka mia tano."

Hapo ndipo nilipobaki nimeduwaa. Keogh na wenzake walihangaika miaka mingi ili mtu asiye na bosi ahesabike mfanyakazi, na walishinda. Ila kikomo cha sheria kinamgusa mwenye ziada. Binamu yangu anakwamishwa na matairi, mafuta na kodi ya nyumba. Kwake dola 70,000 ni dari asiyoifikia hata akisimama juu ya lori lake.

Bado nimemsihi hata hizo mia tano asiziache. Uzee haumuulizi mtu kama aliajiriwa.

Nawasilisha. Wewe uliyejiajiri, umeanza kuweka?