SARAFU ZA UKUMBUSHO NA MIJI YETU YA MASHARIKI

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa daraja zikawa majiji. Katika nchi nyingi mji unapopata heshima ya namna hiyo, au unapotimiza miaka mingi, hufuliwa sarafu ya ukumbusho. Sarafu zinazopita mikononi mwetu hapa Uganda hazina jina la Jinja wala la Mbale. Ili kuelewa sababu, yafaa tuulize ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kufua fedha yetu.

Zamani Busoga na nchi za chini ya Mlima Elgon zilifanya biashara kwa kauri zilizotoka pwani, kisha ikaja rupia ya Bara Hindi. Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, makao yake yakiwa London, na mwaka 1921 ikaja shilingi. Juu ya shilingi hiyo alisimama simba mbele ya milima. Senti zenye tundu zilizungukwa na pembe za ndovu. Yaliyoandikwa ni jina la Afrika ya Mashariki na la mfalme wa Uingereza. Uganda haikutajwa.

Tarehe 28 Julai 1962 ilitimia miaka 100 tangu John Hanning Speke ayaone maji ya Nile yakitoka ziwani pale Jinja. (Wavuvi waliokuwapo siku ile hawakuhitaji kugunduliwa mto waliousikia ukinguruma kila usiku.) Uganda, ikiwa imebakiza wiki chache kupata Uhuru, iliadhimisha karne hiyo kwa stempu za posta zenye jina lake. Maporomoko ya Ripon yenyewe yalikuwa yamekwisha kumezwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Stempu iliwezekana, lakini sarafu ilikuwa bado mali ya Bodi.

Hata Januari 1964, askari wa kambi ya Jinja walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara, fedha waliyoidai ilikuwa shilingi ya Bodi hiyo hiyo. Madai yao yalikuwa na msingi. Kumshikilia waziri aliyekwenda kuzungumza nao ni jambo lingine.

Benki ya Uganda ilifungua milango yake Agosti 1966. Senti zake ndogo zilihifadhi pembe za ndovu, lakini kwenye senti 50, shilingi 1 na shilingi 2 simba alimpisha korongo, na upande wa pili ikawekwa nembo ya Taifa. Tuitazame nembo hiyo, kwa maana askari huiona kila siku na pengine haisomi. Chini ya ngao pana kilima cha kijani, mto Nile ukipita, na kandokando yake kahawa na pamba. Nile huanzia Jinja. Kahawa ya Mlima Elgon, iliyouzwa kwa njia ya ushirika wa Bugisu, ndiyo iliyoinenepesha Mbale. Kwa hiyo miji yote miwili imo katika kila sarafu yenye nembo hiyo, ingawa haikutajwa.

Kuna jambo moja la kusikitisha. Tangu mwaka 1956 shaba ya Kilembe iliyeyushwa Jinja, ikasafirishwa ng'ambo. Na senti zetu za shaba za mwaka 1966 zilifuliwa Uingereza, kwani hatukuwa na kiwanda cha kufua sarafu.

Sarafu za ukumbusho zilikuja baadaye. Mwaka 1968 ilitoka ya shilingi 5 kwa ajili ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Papa Paulo wa Sita alipozuru Uganda mwaka 1969, zilifuliwa za fedha na za dhahabu, kubwa kuliko zote ikiwa ya shilingi 1,000. Hizo zilikuwa za wakusanyaji. Hakuna aliyezipeleka dukani kununua unga. Shilingi 1,000 ya mwaka 2012, ya miaka 50 ya Uhuru, ilitolewa kwa matumizi ya kila siku, na abiria wa Mbale huweza kurudishiwa katika chenji ya nauli.