Rumspringa: Ujana wa Kabla ya Nadhiri

Mabinti wawili, dada na mdogo wake, wanaaga shamba la baba yao huko Pennsylvania, wanakwenda kuanza maisha mapya. Kisa hiki kinapendwa sana katika riwaya za mapenzi za Waamishi, na mfasiri wake atakwama mapema kwenye neno moja: rumspringa.

Neno lenyewe ni la Kijerumani cha Pennsylvania. Katika Kijerumani sanifu kitenzi chake ni kuruka, lakini kwa Waamishi ni kukimbia, kwa hiyo kwa sisisi ni “kukimbiakimbia”. Kipindi hicho huanza kijana afikapo miaka 16 hivi. Huenda na wenzake kuimba Jumapili jioni, hutafuta mchumba, na wengine huonja simu na gari. Humalizika kwa ubatizo, au kwa kuondoka.

Waamishi, Wakristo waliojitenga mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, hawabatizi watoto wachanga. Ubatizo kwao ni nadhiri ya mtu mzima (nasema nadhiri kwa kuwa hawaapi viapo). Mdogo akiondoka kabla ya kubatizwa, hajavunja neno lake. Akirudi, atakula meza moja na mama yake. Mkubwa aliyekwisha kubatizwa akiondoka hutengwa, hata mezani. Barabara ni moja, gharama ni mbili. Beverly Lewis alipochapisha The Shunning mwaka 1997, kitabu kilichoipa fani hii wasomaji wengi, jina lake lilitaja kutengwa huko huko.

Sasa neno rumspringa tuliiteje kwa Kiswahili? “Uzururaji” naukataa kabisa, kwetu ni shitaka. “Unyago” unavutia, lakini mwali ana kungwi wa kumfunda, ilhali katika rumspringa wazee ndio wanaokaa kando. “Kula ujana” ni tamu na ina uhai, ila inauficha ubatizo, nao ndio unaobeba hadithi nzima.

Mimi ningemwachia yule mdogo aseme “nakula ujana wangu”, na msimulizi aseme “ujana wa kabla ya ubatizo”. Msomaji wa mkoa wa Mara, Tanzania, hatahitaji maelezo zaidi: Wamenoniti, ndugu wa Waamishi kiimani, walifika Shirati mwaka 1934. Wengine watahitaji sentensi moja tu, mwanzoni kabisa, kabla mabinti hawajafunga mizigo: mdogo alikuwa bado katika ujana wa kabla ya ubatizo, dada yake alishatoka humo.